Namna ya Kuvutia Biashara Mpya katika Mji Mdogo

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya madiwani, maafisa biashara, wenyeviti wa mitaa na wafanyabiashara wa miji midogo ya Tanzania, hasa ile ambayo kila mwaka huandika katika mpango wake wa maendeleo kwamba itavutia wawekezaji, kisha mwaka wa fedha unafungwa bila mwekezaji kuonekana. Msimamo wake ni kwamba mwenye mtaji huenda mahali ambapo anaweza kupiga hesabu ya faida na hasara kabla hajatoa shilingi yake ya kwanza. Kazi ya mji, basi, ni kumrahisishia hesabu hiyo: ajue mzigo upo kiasi gani na katika miezi ipi, kiwanja kiko wapi na kina mgogoro au hakina, umeme na maji vitamfikia kwa gharama gani, na katika mwaka mzima atadaiwa nini na nani. Mabango, fulana za kongamano na maji ya chupa vinaweza kufuata baadaye, fedha zikibaki.

Jueni kinachotoka na kinachoingia

Takwimu za kuanzia mnazo tayari. Kila gari la mazao linalokatiwa stakabadhi ya ushuru kwa mashine ya POS pale kwenye kizuizi huacha kumbukumbu, lakini kumbukumbu hizo kwa kawaida husomwa kwa lengo moja tu, nalo ni kuona kama makusanyo ya mwezi yamefikia makadirio. Mweka hazina azitoe za misimu mitatu iliyopita, na afisa biashara akishirikiana na afisa kilimo azipange kwa zao na kwa mwezi. Mkumbuke kwamba hesabu hiyo itakuwa pungufu kuliko hali halisi, kwa sababu mabadiliko ya mwaka 2017, yaliyoshusha ushuru wa mazao hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, yalisamehe pia mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine, na kwa sababu wapo wanaopita njia za panya usiku. Kwa hiyo wawekeni vijana wawili wenye daftari barabarani siku ya gulio, mwanzoni, katikati na mwishoni mwa msimu, wahesabu magari, wajue yamebeba nini na yanakwenda wapi.

Kuhesabu peke yake hakutoshi. Sharti mjue pia tabia ya mzigo. Chukueni mfano wa Ilula, kwenye barabara kuu ya kutoka Morogoro kwenda Iringa, ambako nyanya hupangwa kwenye matenga kando ya lami na kupakiwa kwenye malori yanayoelekea Dar es Salaam. Mgeni akiona wingi ule, wazo la kwanza linalomjia ni kiwanda cha nyanya ya kopo, na wazo hilo limeandikwa katika mipango ya wilaya nyingi zinazolima nyanya. Lakini kiwanda hutaka nyanya za kila siku, kwa bei ambayo inakiachia faida baada ya kulipa umeme, kopo na usafiri. Bei ya Dar es Salaam ikipanda, mkulima humpa mwenye lori, naye ana haki ya kufanya hivyo. Bei ikianguka, wakulima wote huleta kiwandani kwa pamoja mzigo ambao mitambo haiwezi kuumaliza kabla haujaoza. Anayekwenda kumshawishi mwenye mtaji bila kuwa na jibu la swali hilo atasikilizwa kwa adabu, na simu yake haitapokelewa tena. Jibu linaweza kuwa skimu ya umwagiliaji inayolimwa kwa zamu, au ushirika wenye mkataba wa kiasi maalumu, au kuanza na biashara ndogo zaidi zinazozunguka zao lenyewe: kuunda matenga, kuotesha miche, kuuza pembejeo, kuchambua na kufungasha mzigo kwa madaraja.

Mafinga imepata viwanda vyake kwa njia iliyo kinyume na hiyo. Jirani yake lipo shamba la miti la Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya serikali ya kupandwa nchini, ambalo huvunwa kwa mpango unaosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, na pembeni yake wananchi nao wamepanda miti yao. Mti hauozi ukisubiri wiki mbili, na umri wake unajulikana. Ndiyo maana watu walithubutu kuleta mashine za kupasua mbao, mitambo ya kuweka dawa nguzo za umeme na viwanda vya kutengeneza mbao za tabaka (plywood), na nyuma yao wakaja mafundi, wauza vipuri na wenye malori. Huko Kenya, Serikali ya Kaunti ya Makueni ilijenga kiwanda chake yenyewe cha kusindika maembe pale Kalamba ili mkulima asiachwe mikononi mwa dalali peke yake. Uamuzi huo unaweza kutetewa, ila unakutana na ukweli kwamba msimu wa maembe ni wa miezi michache na mitambo hailipi ikikaa bila kazi, kwa hiyo kila anayeiga mfano huo aulize kwanza kiwanda kitafanya nini miezi inayobaki.

Upande wa pili wa daftari ni vitu vinavyoingia. Mkate unaoliwa mjini kwenu asubuhi umeokwa wapi? Vifaranga, chakula cha kuku, matofali, milango ya chuma, madawati ya shule, sare za wanafunzi: ni vingapi kati ya hivi vinaletwa na basi au fuso kutoka makao makuu ya mkoa? Waulizeni wenye maduka kumi, na wakala wa mizigo wa pale stendi. Orodha mtakayoipata ndiyo orodha ya biashara ambazo soko lake lipo tayari, na nyingi kati ya hizo hazihitaji mgeni wa kutoka mbali.

Wahudumieni waliopo kwanza

Mtu anayefikiria kuleta mtaji haanzi ofisini kwa mkurugenzi. Hulala nyumba ya wageni, akanywa soda dukani jioni, akamuuliza mwenye duka, kana kwamba ni mazungumzo ya kupitisha muda: halmashauri yenu ikoje? Kama mwenye duka analalamika kwamba alifungiwa mwezi uliopita kwa deni ambalo alikuwa ameshalilipa, au kwamba alisambaza vifaa vya ujenzi wa zahanati na malipo yake hayajatoka, hapo kazi yote ya kumkaribisha mgeni imekwisha kabla hajapiga hodi kwenu.

Kwa sababu hiyo afisa biashara apangiwe ratiba ya kuwatembelea wafanyabiashara waliopo bila kitabu cha stakabadhi mkononi. Awaulize ni nini kinawazuia wasiongeze mashine ya pili au mfanyakazi wa tatu, wananunua wapi malighafi, na wanafikiria kuhamia wapi. Majibu mara nyingi huwa madogo na yanatatulika: umeme unakuwa mdogo jioni mashine zote za kusaga zinapowashwa, lori haliingii uani kwa sababu mtaro ulichimbwa bila kuwekewa kalavati, mkulima hana imani na mizani ya mnunuzi. Hilo la mwisho si dogo hata kidogo. Kibaigwa, wilayani Kongwa, imekuwa jina kubwa katika biashara ya mahindi kwa sababu muuzaji anajua atamkuta mnunuzi na mnunuzi anajua ataukuta mzigo, na soko la namna hiyo hudumu kwa kuaminiana katika vipimo. Mji unaovumilia lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, huku Wakala wa Vipimo akiwa umbali wa simu moja tu unawafukuza wakulima waende kuuza kwingine.

Yale yasiyotatulika katika ngazi ya mji yapelekwe kwenye Baraza la Biashara la Wilaya, ambalo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Wilaya, na ambamo mameneja wa TANESCO, TRA, TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) na mamlaka ya maji wanaweza kuulizwa mbele ya wafanyabiashara. Baraza hili katika wilaya nyingi hukutana kwa kusukumwa. Lisukumeni. Kila hoja iandikwe pamoja na jina la ofisi inayohusika na tarehe ya kutoa jibu, na kikao kinachofuata kianze na orodha hiyo kabla ya salamu za wageni waalikwa.

Kiwanja, umeme na maji

Hapa ndipo miji mingi huanguka, na ndipo panapostahili fedha nyingi kuliko pengine popote. Eneo la viwanda ambalo limechorwa kwenye mpango kabambe, yaani ramani kuu ya matumizi ya ardhi ya mji, lakini bado lina mashamba ya watu ambao hawajalipwa fidia si eneo la viwanda, na kulitangaza ni kumwingiza mgeni kwenye mgogoro pamoja na wenyeji wenu. Ni afadhali kuwa na viwanja vitano vilivyopangwa, kupimwa na kumilikishwa, kila kimoja kikiwa na namba na bei, kuliko ekari mia mbili zilizo kwenye mchoro. Kama halmashauri haina fedha za fidia, itafute makubaliano ambayo mwenye shamba anabaki na sehemu ya viwanja vilivyopimwa badala ya kulipwa fedha taslimu. Njia hiyo imetumika sana katika urasimishaji na upimaji shirikishi, na humfanya mwenye ardhi awe upande wa mradi.

Angalieni pia hifadhi ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inaiwekea barabara kuu mita 30 kila upande kutoka katikati, na biashara nyingi za miji ya barabarani zimejengwa ndani ya mita hizo kwa sababu mwenyekiti fulani wa zamani aligawa maeneo kwa nia njema. Mwenye kituo cha mafuta au ghala akija, apewe barua inayoonyesha umbali wa kiwanja chake kutoka barabarani, ili asiamke siku moja akakuta ukutani alama ya X nyekundu.

Kuhusu umeme, swali la kwanza la mwenye mashine litakuwa kama upo umeme wa njia tatu, kwa kuwa mashine za kukamua alizeti, kukoboa mpunga na kupasua mbao, zikiwa za ukubwa wa kibiashara, huuhitaji. Nguzo kupita karibu na kiwanja hakumaanishi kwamba umeme huo upo, wala kwamba transfoma iliyopo ina nafasi. Ombeni TANESCO tathmini ya maandishi kwa kila eneo mnalotaka kulitangaza: laini iko umbali gani, transfoma inabeba kiasi gani, na kuifikisha huduma kwenye mpaka wa kiwanja kutagharimu kiasi gani. Kisha halmashauri iamue mapema kama gharama hiyo itabebwa na mji, itagawanywa, au itaachiwa mnunuzi kwa kupunguziwa bei ya kiwanja. Uamuzi wowote kati ya hayo unakubalika mradi ujulikane. Kinachomkimbiza mtu ni kuambiwa «tutaangalia».

Maji yafanyiwe tathmini ya namna hiyohiyo, na kwa kiwanda cha chakula ubora wake upimwe maabara, maana kisima chenye chumvi hubadilisha hesabu yote. Barabara za ndani ziko chini ya TARURA, kwa hiyo maombi ya kuchonga barabara ya eneo la viwanda yaingie kwenye bajeti yao mapema, kabla mwekezaji hajapatikana. Mji kama Makambako, ambako barabara ya kwenda Njombe na Songea inaachana na ile ya Dar es Salaam hadi Tunduma na ambako reli ya TAZARA ina stesheni, una neema ya njia panda. Lakini neema hiyo hutumika tu ikiwa viwanja vya maghala vimetengwa mahali ambapo lori linaweza kugeuka na mzigo unaweza kufika relini bila kukatiza katikati ya soko.

Karatasi moja ya tozo

Andikeni, kwa Kiswahili kinachoeleweka, karatasi moja inayoonyesha kila malipo ambayo biashara ya aina fulani italipa katika mwaka wake wa kwanza na wa pili, inalipwa kwa nani na mwezi gani. Iwe na leseni ya biashara, ikieleza kwamba za kundi A hutolewa na BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, na za kundi B na halmashauri kupitia TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa mapato ya halmashauri. Iwe na ushuru wa huduma, ada ya taka, na madai ya TRA, OSHA (usalama na afya kazini), Zimamoto, TBS (viwango vya ubora), na NEMC, baraza la mazingira, pale mradi unapohitaji tathmini ya mazingira. Halmashauri haitawali ada za taasisi hizo zote, lakini hakuna anayemzuia afisa biashara kuziorodhesha, na mgeni atashukuru kuliko mnavyofikiri. Serikali yenyewe ilikiri tatizo hili la utitiri wa tozo na ukaguzi katika mpango wa kuboresha mazingira ya biashara wa mwaka 2018. Kile ambacho mji unaweza kufanya bila kusubiri Dodoma ni kuziomba taasisi zikague siku moja kwa pamoja, badala ya kila moja kuja na gari lake na siku yake.

Kuna ahadi mbili ambazo kiongozi wa mji asizitoe. Ya kwanza ni msamaha wa kodi za kitaifa, kwa kuwa huo hauko mikononi mwake; vivutio vya namna hiyo vinashughulikiwa na TISEZA, mamlaka iliyoundwa mwaka 2025 kwa kuunganisha TIC (kituo cha uwekezaji) na EPZA (mamlaka ya maeneo ya uzalishaji kwa ajili ya mauzo ya nje), na kazi ya mji ni kumwelekeza mwekezaji huko akiwa na nyaraka zilizokamilika. Ya pili ni kupunguza ada ya halmashauri kwa mdomo. Ada za halmashauri zimo kwenye sheria ndogo, ambazo hubadilishwa kwa kupitia Baraza la Madiwani na idhini ya waziri, na mkurugenzi anayefuata hatalazimika kuheshimu mazungumzo ya chakula cha mchana. Kama mnaona ada fulani inawaumiza wanaoanza, anzeni kuirekebisha sasa, na mkishaweka kiwango msikibadilishe katikati ya mwaka.

Nani aalikwe

Ninaamini kwamba miji midogo hupoteza muda mwingi kuwatafuta wageni wa mbali huku watu wake wenyewe wakifungua maduka mikoani. Wakinga wa Makete wanajulikana hadi Kariakoo kwa biashara, na karibu kila wilaya ina wana wake wa namna hiyo, wadogo au wakubwa. Wengi hurudi nyumbani Desemba kwa sikukuu, misiba na harusi. Huo ndio wakati wa kuwaita, kikao cha asubuhi moja tu, mkiwa na ile orodha ya vinavyoingia, vile viwanja vitano na ile karatasi ya tozo. Msiwaombe michango ya madarasa siku hiyo. Wameizoea, na wakisikia harambee watajua kikao ni kilekile.

Kundi la pili ni wale ambao tayari wanawauzia. Mwenye kiwanda cha mikate anayewaletea mzigo kila alfajiri anajua soko lenu kuliko utafiti wowote, na anaijua gharama yake ya dizeli. Mwulizeni ni mauzo ya kiasi gani yangemfanya afungue tanuri hapo mjini, kisha mwone kama shule za bweni na hospitali zinaweza kumfikisha hapo kwa kufuata taratibu za manunuzi.

Kundi la tatu ni vikundi vinavyokopeshwa kutoka asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, na ni nafasi ya kujiuliza kama mji wa ukubwa wenu unahitaji kweli vikundi kumi na vitatu vya sabuni ya maji. Kikundi kikikopeshwa kuunda matenga au kuotesha miche kwa ajili ya mnunuzi anayejulikana, kinakuwa sehemu ya sababu ya mwenye mtaji mkubwa kuja.

Majengo yasiyoombwa

Soko jipya na stendi mpya huonekana vizuri siku ya kuzinduliwa. Kabla ya kujenga, waulizeni wanaotarajiwa kuhamia kama watahamia, na kwa kodi gani. Stendi ikihamishwa kilomita kadhaa nje ya mji bila daladala za uhakika, bodaboda hunufaika, mama lishe wa zamani hufunga, na abiria huendelea kushukia palepale barabarani. Vizimba navyo vikigawiwa kwa kujuana, hupangishwa upya kwa bei ya mara mbili, na anayeanza biashara hulipa gharama ya udalali ambao halmashauri haioni senti yake.

Makubaliano na ufuatiliaji

Mwekezaji akipatikana, yaandikwe makubaliano yanayosema mji utafanya nini na lini, naye atafanya nini na lini. Ateuliwe afisa mmoja wa Idara ya Viwanda, Biashara na Uwekezaji awe ndiye anayepigiwa simu, hata kama tatizo ni la ofisi nyingine, na amtembelee angalau kila mwezi katika mwaka wa kwanza, kwa kuwa biashara nyingi mpya hukwama kwa mambo kama mita ya maji au kibali cha ujenzi yanayokaa mezani mwa mtu aliye safarini.

Viwanja vikubwa vitolewe kwa awamu. Mtu akiomba ekari ishirini, apewe tano na haki ya kuongezewa akishajenga, kwa maana kubatilisha milki ya aliyeshindwa kuendeleza ni utaratibu mrefu unaopitia kwa Kamishna wa Ardhi, na katika muda huo ardhi yenu nzuri itaota majani huku hati yake ikiwa dhamana benki. Wale waliokosa viwanja katika awamu ya kwanza waandikwe majina na namba za simu, pamoja na biashara waliyokusudia kufungua, na daftari hilo likae kwa afisa biashara; muda wa uendelezaji wa aliyepewa ukipita na taratibu zikakamilika, wa kupigiwa simu awe tayari anajulikana.